Kutoka Mzulu wa boksini hadi Mhehe wa Lugalo: mwongozo kamili wa kurekebisha na kupaka rangi visanamu vya mchezo wa vita

Jioni moja nilianika visanamu vyangu 12 barazani, rangi ikiwa bado mbichi. Babu jirani akapita. "Kamwene." Nikaitikia. Akainama, akavitazama kimoja kimoja, akauliza hawa ni akina nani. Nikajibu kwa maringo: "Jeshi la Mkwawa, Babu. Siku ya Lugalo." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mjukuu wangu, Mhehe gani huyu kafunga mikia ya ng'ombe mikononi na miguuni? Hawa Wazulu."

Kweli walikuwa Wazulu. Nilikuwa nimeagiza boksi la Wazulu la kampuni ya Italeri, lile la plastiki laini, nikawapaka rangi kama picha ya boksi ilivyoelekeza, kisha nikawabatiza jina jipya. Boksi lililoandikwa Wahehe sijawahi kulikuta dukani. Jeshi la Mhehe halinunuliwi, linatengenezwa, na hapa chini naeleza ninavyolitengeneza mimi hapa Iringa, kwa vitu ambavyo vingi vinapatikana sokoni na kwa mafundi.

Mjue kwanza unayemtengeneza

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo, kilikuwa kinapita Lugalo, karibu na Iringa, kwa mstari mrefu: askari, wapagazi, punda. Wahehe walikuwa wamejificha. Walipotoka walikuwa karibu kiasi kwamba bunduki hazikupata nafasi ya kufanya kazi yake, na Zelewski akafia hapo. Miaka mitatu baadaye, 30 Oktoba 1894, Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, Tom von Prince akiwa miongoni mwa maofisa wake. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akaingia porini, akapigana hadi 19 Julai 1898 alipojiua badala ya kukamatwa. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954, na liko kwenye makumbusho ya Kalenga.

Mpakaji rangi anayahitaji haya kwa sababu zake. Agosti ni kiangazi, kwa hiyo majani ya kwenye kitako cha kisanamu, yaani kibao kinachokisimamisha, yawe makavu ya rangi ya dhahabu, si yale ya kijani kibichi yanayouzwa kwa vita vya Ulaya. Mstari mrefu maana yake utahitaji wapagazi, tena wengi, siyo askari tu. Na mwaka 1891 misafara ilikuwa imeshaleta vitambaa vya pamba, merikani nyeupe na kaniki ya buluu iliyokolea, bara kwa miaka mingi, kwa hiyo usimvalishe kila mtu ngozi ya chui kama kwenye sinema.

Mzulu wa boksini si mwanzo mbaya, lakini. Wangoni walitoka kusini, pande za Wazulu, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakaja na namna yao ya kupigana kwa ngao kubwa na mkuki wa kuchomea. Wasangu, majirani wa Wahehe, waliiga, na Wahehe wakaiga pia. Kwa hiyo mkao wa mwili, yaani mtu anayekimbia akiwa ameinama nyuma ya ngao, unaweza kuuacha ulivyo. Kinachobadilika ni kile alichovaa na alichoshika.

Nenda Kalenga, au makumbusho ya Boma pale mjini, ukiwa na daftari na penseli. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Chora mkuki: bapa lake lina urefu gani ukilinganisha na mpini? Chora ngao na uone imeshikiliwa vipi kwa nyuma. Dakika 20 za kuchora zitakusaidia kuliko usiku mzima wa kutazama picha kwenye simu.

Kuchagua visanamu, na hesabu moja ndogo

Ukubwa unaotumika zaidi ni milimita 28, ambao ni kama 1 kwa 56, na ule wa 1 kwa 72, ambao ni mdogo na bei yake ni rahisi. Hesabu ni hii: chukua urefu halisi kwa milimita, gawanya kwa 56 au 72. Mkuki wa mita 1.8 unakuwa milimita 32 kwenye ukubwa wa kwanza na milimita 25 kwenye wa pili. Andika namba hizi ukutani kabisa, maana macho hudanganya na mkuki huishia kuwa mlingoti.

Plastiki ngumu ndiyo rahisi kwa anayeanza kukata na kuunga. Chuma cheupe ni kizito na kizuri mkononi, ila visanamu vya zamani vya chuma huwa na risasi: vumbi lake ni sumu, kwa hiyo usipige tupa mezani penye chakula, na nawa mikono kwa sabuni. Resini nayo isugulie kwenye maji ili vumbi lisipande puani. Plastiki laini ya 1 kwa 72 ndiyo ngumu kuliko zote kuunga. Supaglu haishiki vizuri, na rangi hubanduka unapokipinda kisanamu. Nitasema chini namna ya kuibembeleza.

Anza na 12. Kuna jamaa aliagiza 200 kwa mkupuo. Bado viko kabatini, vya kijivu.

Vifaa

Kisu chenye ncha kali au wembe uliofungwa kwenye kijiti, tupa ndogo, msasa laini, plaizi, supaglu, gundi nyeupe ya seremala, sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kizibo iwe na mpini. Kwa udongo wa kufinyangia, duka la vifaa vya ujenzi litakuuzia ule wa epoksi wa sehemu mbili ambao mafundi bomba huzibia matangi. Unakauka haraka kuliko ule wa wachongaji wa Ulaya, basi kanda kidogo tu, kiasi cha punje ya harage, na uweke maji karibu ya kulowesha sindano ili usinate.

Rangi ziwe za akriliki. Za steshenari zinafaa kwa nguo na vitako. Kwa ngozi ya mwili nilijibana nikaagiza rangi za visanamu za Vallejo kupitia mtu wa Dar, na sijutii. Burashi mbili nzuri, namba 1 na namba 00, zinatosha. Nyingine ziwe za hovyo za kazi chafu.

Kuvua Uzulu

Osha visanamu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, sugua kwa mswaki wa zamani, acha vikauke. Mafuta ya kiwandani yaliyobaki juu yake hukataa rangi. Kisha tafuta kamstari ka mshono, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, ukakwangue kwa mgongo wa wembe, siyo makali.

Sasa kata. Mikia ya ng'ombe ya kwenye viwiko na chini ya magoti iondoke yote. Manyoya ya kichwani, yaondoe. Wazulu watu wazima wana pete ya kichwani. Ile iparue hadi libaki fuvu la kawaida, halafu chomachoma kwa ncha ya sindano upate nywele fupi. Kwenye plastiki laini usikwangue, itatoka nyuzinyuzi kama muwa uliotafunwa. Kata kwa wembe mpya kwa mkato mmoja. Ngao ya Mzulu ina mistari miwili ya vipande vya ngozi vilivyopenyezwa katikati, kushuka chini. Ing'oe ngao nzima, tutatengeneza nyingine.

Nguo ya tishu

Hapa ndipo Mzulu anapogeuka. Chukua tishu, itenganishe tabaka zake ubaki na moja. Kata kipande cha milimita 12 kwa 40 kwa kisanamu cha milimita 28. Kwa kile kidogo punguza theluthi. Changanya gundi ya seremala na maji nusu kwa nusu. Pakaza mchanganyiko huo mwilini pale nguo itakapokaa, laza tishu kavu juu yake, halafu iguse kwa burashi iliyolowa. Itanywa na kulala yenyewe.

Usiiburute. Tishu iliyolowa ukiivuta inachanika. Isukume kwa ubavu wa sindano: kutoka begani ishuke kifuani kwa mshazari, ipite chini ya mkono wa pili, izunguke mgongoni. Mikunjo ianzie kwenye fundo na isambae kama vidole. Kama mtu anakimbia, pindo la nyuma lipeperuke kidogo; liegemeze kwa kipande cha plastiki mpaka likauke. Fundo lenyewe ni udongo wa epoksi kiasi cha mbegu ya mchicha, ukandamizwe mara mbili kwa sindano.

Acha usiku kucha. Asubuhi pakaza gundi tena, nyembamba, nguo nzima. Ikikauka inakuwa ngumu kama ganda la yai na inabeba rangi bila kunyonya. Jaribu kwanza kwenye kisanamu ambacho hukipendi. Cha kwanza changu kilionekana kama majeruhi aliyefungwa bandeji.

Wengine wape shuka la kiunoni tu. Watu 12 waliovaa sawasawa ni gwaride, na pale Lugalo hapakuwa na gwaride.

Mkuki na ngao

Mpini wa mkuki ni unywele mmoja wa ufagio wa plastiki, ule mnene. Umenyooka, haukatiki, na ufagio mmoja wa shilingi chache ni mikuki ya maisha yako yote. Ukitaka chuma, pini ya kushonea ya shaba ni bora zaidi: iweke juu ya kichwa cha nyundo kubwa, igonge ncha kwa nyundo ndogo mpaka itandazike, kisha itengeneze kwa tupa iwe jani. Pini ya chuma kigumu itapasuka, usipoteze muda nayo. Vaa miwani, vipande huruka.

Mkono wa kisanamu utobolewe. Kwenye plastiki ngumu na chuma cheupe tumia keekee ndogo ya mkono. Kwenye plastiki laini, pasha sindano kwenye mshumaa ukiishika kwa plaizi, uipenyeze taratibu ngumini, madirisha yakiwa wazi. Pitisha mkuki, tia tone la supaglu juu na chini ya ngumi.

Ngao naitoa kwenye kopo la soda. Kata umbo la yai refu kwa mkasi, kwa kipimo ulichokichora Kalenga, likunje kidogo juu ya kalamu ili libonyee kama ngozi iliyokauka juani. Gundisha kijiti cha unywele wa ufagio nyuma yake kutoka juu hadi chini. Sugua uso kwa msasa, la sivyo rangi itateleza. Makali ya kopo hukata vidole vibaya, yapige tupa mapema.

Kwenye plastiki laini usitegemee gundi peke yake. Kila kiungo kiwekee kipande cha pini ndani.

Askari na wapagazi, kwa ufupi

Askari wa Kijerumani wa 1891 wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, pamoja na watu kutoka Msumbiji waliokuwa wakiitwa Wazulu, jambo ambalo Babu hajalisamehe hadi leo. Mavazi ya kaki, miguu imefungwa vitambaa hadi chini ya goti. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 ilibeba risasi moja kwa mara moja, na baruti yake ilitoa moshi. Pamba iliyochambuliwa na kubandikwa mdomoni mwa bunduki inapendeza sana.

Mpagazi mtoe kwenye kisanamu chochote chenye mkono ulioinuliwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, kwa hiyo usimtwishe sanduku dogo kama la kiberiti: finyanga robota la epoksi, livishe tishu, lifunge kwa uzi wa kushonea. Shingo yake iinamishe kidogo. Mtu aliyebeba kilo 30 hatazami mawingu.

Praima

Praima ni pakazo la chini linaloshikilia rangi nyingine. Rangi ya kupuliza ya kopo, kijivu au kahawia, utaipata kwenye maduka ya vipuri vya magari. Itikise dakika mbili. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 25 hivi, ukianzia pembeni mwa kisanamu na kumalizia pembeni, kwa mipigo mifupi. Kwa plastiki laini tanguliza pakazo jembamba la gundi ya seremala lililokauka. Hiyo ndiyo inayosaidia rangi isibanduke.

Hali ya hewa yetu ina vituko vyake. Juni na Julai asubuhi, hasa kwa mlioko Njombe na Makete, kopo likiwa la baridi hutema matone. Liweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano, kamwe usiliweke karibu na jiko. Kuanzia Agosti upepo wa Iringa unaleta vumbi. Pulizia ndani ya boksi la karatasi ngumu lililolazwa ubavu. Masika usipulize jioni yenye ukungu. Niliwahi kupuliza vanishi usiku wa Februari mvua ikiwa imetoka kunyesha, asubuhi nikakuta jeshi zima limekuwa jeupe kama limetumbukia kwenye unga wa sembe. Dawa yake: pakaza vanishi ya kung'aa kwa burashi, weupe unapotea, kisha siku kavu rudishia ile isiyong'aa.

Ngozi ya mwili

Miongozo mingi ya nje inasema paka kahawia, kisha ongeza nyeupe kupata mwanga. Usifanye hivyo. Nyeupe ndani ya kahawia inatoa kijivu, na shujaa wako atapauka kama mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Mama yeyote wa Kihehe angemrudisha ndani.

Fanya hivi. Pakazo la kwanza: kahawia iliyoiva sana yenye tone la nyekundu, nyepesi kama maziwa mabichi, si mtindi. Paka mara mbili badala ya mara moja nzito. La pili: ongeza kahawia yenye wekundu wa tofali, uiweke kwenye mabega, juu ya misuli ya mapaja, kidevu, pua, mashavu, ukiacha mabonde na rangi ya kwanza. La tatu: ongeza kidogo rangi ya udongo wa manjano, tone tu, kwenye ncha za pua, vifundo vya vidole, magoti. Kisha pitisha maji ya rangi, yaani kahawia-nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mara nne au tano, iteremke kwenye mikunjo. Ikituama mahali, inyonye kwa burashi kavu. Viganja na nyayo ni vyepesi zaidi kuliko mwili mwingine. Wengi husahau, na jicho hugundua haraka kuna kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Changanya vikopo vitatu tofauti. Kimoja cheusi kabisa, kimoja cha katikati, kimoja cha maji ya kunde. Simama stendi dakika kumi uone watu walivyo. Macho ya kisanamu kidogo usiyachore, kivuli kinatosha. Ukijaribu nyeupe utapata mtu aliyeona jini. Mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa, gusa mabega na paji la uso kwa vanishi ya kung'aa nusu. Watu wanakimbia juani, wanatoka jasho.

Hewa yetu kavu hukausha rangi kwenye sahani kabla hujaifikia. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, weka sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, na uchanganyie rangi hapo. Ukifunika, rangi inakaa hata siku mbili.

Nguo, ngao, chuma

Merikani haikuwa nyeupe ya sare ya shule. Anza na kaki iliyofifia, ongeza rangi ya pembe ya ndovu, na ile inayokaribia weupe iguse vilele vya mikunjo tu. Pindoni paka vumbi la Iringa: kahawia-nyekundu kwa burashi kavu, yaani iliyofutwa rangi karibu yote. Kaniki ni buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Mwanga wake ni buluu yenye kijivu, na kidogo tu.

Ngao ifanye kama ng'ombe unaowajua, madoa yasiyo na mpangilio, makali ya doa yakiwa na vinywele vifupi. Bapa la mkuki: nyeusi kwanza, fedha baadaye, na makali yang'ae kuliko katikati.

Kitako

Nachota udongo mwekundu, naupitisha kwenye chujio la chai, naukaanga kwenye kikaango kikuukuu ili wadudu wafe. Gundi ya seremala, udongo, kung'uta. Ukikauka paka maji ya rangi ya kahawia, kisha burashi kavu ya rangi ya mchanga. Majani ya Agosti ni kamba ya katani: kata vipande vya milimita 6, vichovye kwenye gundi vikiwa fungu dogo, visimamishe. Katani haihitaji rangi, tayari ni kiangazi. Majani yaliyoanguka chini ya miti ni chai iliyokwishapikwa na kuanikwa, na ya Mufindi inafaa kama nyingine yoyote. Unga wa mbao kutoka viwanda vya Mafinga, ukichanganywa na rangi ya maji ya ukutani, unakuwa vichaka vya mbali.

Ukiharibu

Chovya kisanamu kwenye Dettol ya kahawia isiyochanganywa na maji, saa 24, kwenye chupa yenye mfuniko. Vaa glavu. Sugua kwa mswaki uliochovywa kwenye Dettol ileile. Ukianza na maji, rangi inageuka ulimbo na hutaitoa. Maji na sabuni ni ya mwisho, rangi ikishatoka yote. Nyumba itanuka hospitali, wajulishe watu mapema. Nguo ya tishu haitapona hapo, itabidi uivishe upya.

Kusafiri navyo

Bandika kipande cha sumaku chini ya kila kitako na utandike bati ndani ya sanduku. Vinasimama wima bila kugusana. Usiweke sanduku kwenye buti la basi, lipakate. Mara ya mwisho nililiacha lijitegemee kwenye kiti cha pembeni, na kona za Kitonga zikanivunjia ngao mbili na mpagazi mmoja akapoteza robota. Mikuki ya ufagio ilipinda ikarudi. Ile ya shaba ilibidi niinyooshe kwa kucha, mmoja mmoja, hadi Mikumi.